Mbolea za dukani kwa mboga za majani: ipi inatibu njano ipi

Mkulima akiingia duka la pembejeo na kusema mboga zake zimekuwa njano, mara nyingi anatoka na chupa ya busta, yaani mbolea ya kunyunyizia majani. Ni rahisi kuibeba, inanyunyiziwa kwa pampu ileile ya dawa, na lebo yake inaahidi kila kitu kuanzia mizizi hadi rangi ya jani. Lakini njano ya mchicha kwenye mchanga wa Kibaha si njano ya spinachi ya ukanda wa pwani wenye mawe ya matumbawe, wala si ile ya chainizi kwenye shamba lililolishwa mbolea za Urea na DAP (diamonia fosfeti) peke yake miaka nenda rudi. Kila moja ina upungufu wake, na dawa yake iko kwenye rafu tofauti. Hapa tumezipitia bidhaa zinazopatikana kwa urahisi katika maduka ya Tanzania na Kenya, na kila moja tumeiuliza maswali mawili: ina kirutubisho gani hasa, na kiasi unachokipata kinatosha kulisha mboga?

Kabla ya kutoa hela, angalia njano imeanzia wapi. Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu huhama ndani ya mmea. Zikipungua, mmea huzichukua kutoka majani ya chini na kulisha majani machanga, kwa hiyo dalili huanzia kwenye majani ya zamani. Salfa huhama kwa shida, na chuma, kalsiamu na boroni karibu hazihami kabisa. Zikikosekana, jani jipya ndilo linaloumia huku la chini likiwa bado kijani. Kipimo hicho cha juu na chini hakina gharama, na kinaondoa nusu ya bidhaa zote dukani kabla hujauliza bei.

Chukua jani la chini la sukuma wiki lenye njaa ya naitrojeni. Limepauka lote sawasawa, mishipa na nyama ya jani pamoja, ukingo na kikonyo vimeanza wekundu wa zambarau, na ukiligusa linadondoka. Jani la magnesiamu ni tofauti: mishipa inabaki kijani na nafasi za katikati zinakuwa njano, kama ramani ya mito. Potasiamu huunguza ukingo wa jani la zamani, kahawia na kavu kama limepitiwa na moto. Fosforasi ndiyo inayodanganya wengi kwa sababu haileti njano: mche unadumaa, jani ni dogo na lina kijani kizito, upande wa chini una zambarau, na wiki zinapita bila mabadiliko. Mchicha wenye njaa ya naitrojeni hutoa maua mapema ungali na kimo cha kiganja, na mkulima akadhani amepewa mbegu mbaya.

Ng'oa na mche mmoja. Mizizi yenye vinundu imeshambuliwa na minyoo fundo. Mizizi ya kahawia iliyooza na yenye harufu inatokana na maji yaliyotuama. Mizizi ya namna hiyo hainyonyi chochote hata ukimwaga mfuko mzima. Geuza jani uangalie vidukari na utitiri. Kwenye kabeji na sukuma wiki, njano inayoingia kutoka ukingoni kwa umbo la V, ncha ikielekea kwenye mshipa mkuu, na mishipa ndani yake ikiwa myeusi, ni uozo mweusi. Huo ni ugonjwa wa bakteria. Watu wengi huuchanganya na upungufu wa potasiamu, wakanunua mbolea huku ugonjwa unasambaa kwa maji ya kumwagilia.

Tuanze na busta yenyewe, kwa kuwa ndiyo mkulima anayoibeba mara nyingi. Chukua unga wa NPK 20-20-20 (naitrojeni, fosforasi na potasiamu, kila moja asilimia 20 kwa kipimo cha lebo) wenye virutubisho vidogo, uliopimwa gramu 50 kwenye pampu ya lita 20. Asilimia 20 ya gramu 50 ni gramu 10 za naitrojeni. Pampu moja inatosha takriban mita za mraba 500, yaani kama robo ya nusu eka. Sasa sukuma wiki inayolimwa kibiashara inahitaji walau gramu 10 za naitrojeni kwa kila mita ya mraba mpaka uanze kuvuna kwa nguvu, maana yake gramu 5,000 kwa eneo hilo. Pampu imeleta 10. Utahitaji kunyunyiza mara 500 kufikia kile ambacho kilo 11 za Urea zinaleta. Hesabu hiyo haitegemei kampuni iliyotengeneza busta. Ni suala la kiasi ambacho jani linaweza kupokea bila kuungua. Ukiongeza dozi mara kumi, chumvi itachoma kingo za majani na mzigo wako hautauzika.

Kwa hiyo busta ya NPK haifai kuwa chanzo cha naitrojeni, fosforasi wala potasiamu. Inafaa pale mizizi imezuiwa kwa muda mfupi, kwa mfano wiki ya mvua kubwa au siku chache baada ya kuhamisha miche, na inafaa zaidi kwa virutubisho vidogo, kwa kuwa mmea unavihitaji kwa kiasi kidogo sana. Rangi ya kijani inayoonekana siku tatu baada ya kunyunyiza ni ya kweli, ila wiki inayofuata njano inarudi na mkulima ananunua chupa nyingine. Kabla ya kulipa soma lebo: iwe na asilimia za kila kirutubisho. Chupa iliyoandikwa tu "hukuza majani na mizizi" bila namba yoyote tunashauri iachwe palepale.

Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23, na hakuna mbolea ya kawaida dukani inayokupa naitrojeni nyingi kiasi hicho kwa uzito uleule. Linganisha: CAN (kalsiamu amonia naitreti) ya asilimia 27 ina kilo 13.5 kwa mfuko, SA (amonia salfeti) ina 10.5, na NPK 17-17-17 ina 8.5. Ukitaka kujua ipi ni nafuu, gawa bei ya mfuko kwa kilo hizo, usilinganishe mfuko kwa mfuko. Kasoro ya Urea ni kwamba ikiachwa juu ya udongo wenye unyevu na jua kali hugeuka hewa ya amonia na kupotea, na kwenye udongo wenye chokaa nyingi hasara ni kubwa zaidi. Ifukie sentimita 3 hadi 5, au mwagilia maji ya kutosha mara baada ya kuiweka. Kuirusha juu ya majani yenye umande ni kuharibu: chembe hunata, huyeyuka na kuacha madoa meupe yaliyoungua.

Kwa tuta la mita 1 kwa 10 la mchicha, gramu 100 za Urea zinatosha msimu mzima, kwa kuwa zao lenyewe huchukua wiki tatu hadi nne tu. Ziwekwe siku kama ya kumi baada ya kuota, kati ya mistari, na umwagilie. Kuongeza mara ya pili siku chache kabla ya kung'oa kunalifanya jani liwe laini na lenye maji mengi, linanyauka haraka sokoni na kubeba naitreti nyingi bila sababu. Acha walau wiki nzima kati ya naitrojeni ya mwisho na mavuno.

CAN ni chaguo letu kwa sukuma wiki na spinachi zinazochumwa mara kwa mara. Nusu ya naitrojeni yake ni naitreti, ambayo mzizi huichukua moja kwa moja, kwa hiyo mmea wenye njaa huitika upesi kuliko kwa Urea. Haipotei hewani kwa urahisi, na haiongezi tindikali kwenye udongo kama wenzake. Kifuniko cha soda kimoja, karibu gramu 5, kwa kila shina, sentimita 10 kutoka kwenye shina, kinatosha kwa mzunguko mmoja. Kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 45, tuta la mita za mraba 10 lina mashina kama 37, kwa hiyo mzunguko mmoja ni gramu 185, sawa na gramu 50 za naitrojeni. Mizunguko miwili inakupa zile gramu 10 kwa mita tulizozitaja. Unapoendelea kuchuma, rudia kila baada ya wiki nne hadi sita, kwa kuwa kila shada unalouza limeondoka na chakula cha udongo. Udhaifu wa CAN ni mvua: naitreti huzama na maji, na kwenye mchanga mvua mbili kubwa zinaweza kuipeleka chini ya mizizi. Huko gawanya dozi nusu kwa nusu badala ya kuiweka yote siku moja.

SA ndiyo mbolea inayodharauliwa bila haki. Namba yake ya naitrojeni, 21, inaonekana ndogo, na wauzaji wengi hawaitaji asilimia 24 ya salfa iliyomo. Kabeji, sukuma wiki, chainizi na figili ni jamii moja inayokula salfa kuliko mboga nyinginezo. Hata ule ukali wa harufu yao unatokana na michanganyiko ya salfa. Urea haina salfa kabisa, DAP haina. Shamba lililolishwa hizo mbili tu, bila samadi, hufika siku chainizi ikatoa majani machanga yaliyopauka na kujikunja kama kikombe, na mkulima akaongeza Urea. Urea inazidisha tatizo, kwa kuwa mmea hauwezi kutumia naitrojeni yote bila salfa ya kutosha. Gramu 240 za SA kwa tuta la mita za mraba 10, zikichukua nafasi ya mzunguko mmoja wa CAN, zinaleta naitrojeni ileile pamoja na karibu gramu 58 za salfa. Jani jipya linalofuata ndilo litakalokuonyesha kama umepatia.

Angalizo ni tindikali. SA huongeza tindikali ya udongo kuliko mbolea nyingine yoyote tuliyoitaja hapa. Milimani kama Lushoto, Njombe, Kisii au Kiambu, ambako udongo mara nyingi tayari una tindikali, itumie mara moja moja tu na ujue pH ya udongo wako, yaani kipimo cha tindikali, kwanza. Kwenye udongo wa pwani wenye chokaa sifa hiyo inageuka faida, mradi uifukie, kwa kuwa chokaa pia huifukuza amonia hewani. Na kamwe usiichanganye na majivu kwenye ndoo moja: ile harufu kali inayokuchoma pua ni naitrojeni uliyoilipia ikiondoka.

DAP tunaikubali kama mbolea ya kupandia tu. Ina asilimia 18 ya naitrojeni na 46 ya fosforasi kwa kipimo cha lebo, na fosforasi haitembei udongoni: ikiwekwa juu ya tuta la mboga zilizokwishakua, inabaki palepale ilipoanguka. Kwenye udongo mwekundu wenye tindikali hushikwa na chuma na alumini kabla mzizi haujaifikia, ndiyo sababu inawekwa karibu na mzizi, shimoni, badala ya kutawanywa shamba zima. Kifuniko kimoja cha soda kwa shimo, changanya vizuri na udongo na samadi, kisha mche. Ukiuweka mzizi juu ya chembe za DAP moja kwa moja, amonia itauunguza, na siku ya tatu mche umenyauka huku udongo una maji. Wenye udongo wa tindikali Tanzania wana njia nyingine nzuri, fosfeti ya Minjingu inayochimbwa Manyara, ambayo huyeyuka polepole na kuleta kalsiamu. Kwenye udongo wenye chokaa karibu haiyeyuki, kwa hiyo huko usiinunue.

NPK 17-17-17 ni ya mtu asiyejua udongo wake na ana tuta dogo la nyumbani. Haikosei sana, ila kwa mboga za majani unalipia fosforasi nyingi usiyoihitaji kila mzunguko. Potasiamu yake inasaidia, maana majani yanayovunwa huondoka na potasiamu nyingi; mwenye majivu ya kuni anaweza kupunguza gharama hiyo kwa kunyunyiza konzi chache kwa mita, isipokuwa kwenye udongo ambao tayari una chokaa.

Sasa bidhaa za pakiti ndogo, ambazo pampu ina kazi ya maana kwao. Chumvi ya Epsom, magnesiamu salfeti, ina takriban asilimia 10 ya magnesiamu na 13 ya salfa, na kwa spinachi yenye majani ya chini ya ramani ni fedha iliyotumika vizuri. Gramu 200 hadi 400 kwa lita 20, jioni, mara mbili au tatu kwa nafasi ya siku kumi. Nunua ya kilimo, ile ya duka la dawa za binadamu ni ghali bure. Kama umekuwa ukimwaga potasiamu nyingi au majivu mengi, hapo ndipo tatizo lilipoanzia: potasiamu ikizidi huizuia magnesiamu kuingia mzizini.

Chuma ni habari ya pwani. Kwenye ardhi ya maweni ya Unguja, au ukanda wa matumbawe wa Kilifi, chuma kimo udongoni lakini pH ya juu imekifunga. Majani machanga ya mchicha na spinachi yanatoka ya njano yenye mishipa ya kijani, na yakizidiwa yanakuwa karibu meupe. Chuma cha EDTA (kibebeo cha kemikali kinachoshika chuma) cha asilimia 13, gramu 10 hadi 20 kwa lita 20, kinyunyizwe juu ya majani. Kikimwagwa kwenye udongo huo wenye chokaa, kibebeo kinaachana na chuma chake na kazi inaishia bure. Kwa udongo wa namna hiyo ni kibebeo cha EDDHA tu kinachodumu, na bei yake ni kubwa kwa mboga za bei ndogo. Ukipanda kwenye samadi na mboji nyingi, kilo 2 hadi 3 zilizooza vizuri kwa mita ya mraba, utahitaji pakiti chache zaidi.

Kalsiamu naitreti, yenye asilimia 15.5 ya naitrojeni, huuzwa kama tiba ya kingo za kahawia ndani ya saladi na kabeji. Ni mbolea nzuri, lakini mara nyingi udongo una kalsiamu ya kutosha. Kilichokosekana ni maji ya mpangilio. Kalsiamu husafiri na maji, na jani la ndani lililofunikwa halipumui vya kutosha kuyavuta. Kunyunyiza kabeji iliyokwishafunga hakufikishi kitu ndani. Mwagilia kidogo kila mara badala ya kuacha siku nne kavu kisha kufurika, na punguza naitrojeni kabeji inapoanza kufunga. Ukiitumia kwenye mabomba ya matone, usiiyeyushe tangi moja na SA, Epsom wala mbolea ya fosfeti, kwa kuwa hutengeneza tope jeupe linaloziba matundu.

Boroni tunaiheshimu na kuiogopa. Pasua shina la kabeji au koliflawa kwa kisu: uwazi wenye kuta za kahawia na majimaji ni upungufu wa boroni, lakini uwazi mkavu mweupe kwa kawaida ni mmea uliokimbizwa na naitrojeni. Boraksi ya asilimia 11, gramu 10 hadi 20 kwa tuta la mita za mraba 10 kabla ya kupanda, ndiyo dozi yote. Yeyusha kwenye maji ili isambae sawa, kwa kuwa konzi iliyoangukia sehemu moja ni sumu. Usirudie kila msimu, na usifuatishe maharage kwenye tuta hilo, hayastahimili boroni iliyobaki.

Kuhusu hofu ya mbolea feki: utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kuhusu maduka ya mkoa wa Morogoro uligundua kwamba Urea iliyokuwa ikiuzwa ilikuwa na naitrojeni inayotakiwa, ingawa wakulima wengi waliamini imechakachuliwa. Mabonge na rangi iliyofifia havikumaanisha naitrojeni imepotea. Hata hivyo dai risiti, na muuzaji Tanzania awe na leseni ya TFRA, mamlaka ya udhibiti wa mbolea. Urea ya kweli ukiiyeyusha kwenye glasi, maji yanapoa sana mkononi na kubaki maangavu. CAN huacha mashapo meupe ya chokaa, jambo la kawaida, na mara nyingi ukiidondoshea ndimu hutoa mapovu.

Ukibaki na mashaka kati ya salfa, chuma na magnesiamu, usinunue pakiti kubwa. Tenga vipande vitatu vya mita moja moja kwenye tuta hilohilo na kimoja cha kulinganishia. Kimoja weka SA, kimoja nyunyiza Epsom, kimoja chuma, na uweke vijiti vya alama. Baada ya siku saba hadi kumi tazama majani yanayochipua, siyo yale ya zamani yaliyokwishapauka, kwa kuwa mengi hayarudi. Kama vipande vyote vinne vinafanana, peleka udongo maabara: SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano, au cha KALRO Kabete kwa walio Kenya. Chukua udongo kutoka sehemu 10 hadi 15 za shamba, kina cha sentimita 20, uchanganye kwenye ndoo safi isiyowahi kubeba mbolea, anika kivulini, peleka nusu kilo, na uombe pH iwe kipimo cha kwanza kwenye orodha.